Kimya cha Chumba

Kabla sijavaa hedifoni, nilidhani nyumba yetu ya mtaa wa Mowlem, Nairobi, ina kelele za kawaida tu. Nimekulia humo, na sikuwahi kulalamika. Halafu Jumamosi moja mwalimu wetu wa filamu akanivisha hedifoni katika ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukisomea, akawasha maiki, na nusura nimgombeze kila mtu. Mtu alikuwa akisugua sufuria nyuma ya ukumbi. Pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka barabarani. Mwenzangu wa kiti cha mbele alimeza mate nikamsikia.

"Karibu," mwalimu akasema. "Sasa hutaishi kwa amani tena."

Alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi ya televisheni miaka mingi, na hakuwa na subira na wazembe. Siku za wiki nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka moja mtaani Umoja. Jumamosi nilikuwa wake. Kamera haikunisumbua. Taa nazo nilizielewa upesi, hasa alipotufundisha kwamba shuka jeupe na dirisha vinaweza kufanya kazi ya taa ya bei kali. Lakini sauti ilinishika roho. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kusubiri, na sauti inataka ukae ukisubiri. Hata sasa sijui ilinipendea nini.

Au labda najua. Mwaka huo mama yangu alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alisema lazima utolewe, na kwamba neva ya sauti inapita pale pale uvimbe ulipo. Sauti ingeweza kubaki, ingeweza kubadilika, ingeweza kwenda kabisa. Na mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Akianza yeye, hata wale waliokuja kuonyesha nguo mpya walifunga simu na kuimba. Mimi nililelewa na sauti hiyo. Iliniamsha, ilinifukuza kwenda shule, iliniita kutoka upande wa pili wa estate nikiwa nimejificha kwa rafiki.

Nilitaka kuiweka mahali kabla ya siku ya upasuaji. Shida ni kwamba huwezi kumwambia mama wa kutoka magharibi mwa Kenya, "Mama, kaa hapa nikurekodi ukisimulia maisha yako." Kwetu maswali ya ulizaliwa wapi na ulisoma wapi huulizwa mtu akishakufa, kwa ajili ya wasifu wa kusomwa matangani. Ukimuuliza mtu aliye hai, ataanza kukuuliza kama umeshakodi hema. Kwa hiyo nilimwambia ni kazi ya darasa, kwamba kila mwanafunzi ahoji mzazi. Darasa lilikuwa limetaka mahojiano, ni kweli. Mzazi nilimwongeza mwenyewe.

"Mimi siogopi hiyo operesheni," alisema kabla sijamtajia operesheni. "Nitakusaidia tu upate maksi."

Siku yenyewe nilitundika shuka jeupe kando ya dirisha ili mwanga urudi kwenye shavu la upande wa giza. Mama alitoka chumbani na gauni la Jumapili, kilemba, na hereni ndefu zilizogonga maiki niliyombana kolani kila alipogeuza shingo. Nilimwomba azitoe. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba avue meno. Akatoa moja. Nikamwangalia na mimi. Akatoa ya pili.

Friji nayo ilikuwa inanguruma, nikaizima. Mwalimu alikuwa ametufundisha ujanja wa watu wa sauti: ukizima friji ya mtu, weka funguo zako ndani yake, kwa sababu huwezi kuondoka bila funguo na kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha. Nikaweka za nyumba juu ya chupa ya maziwa.

Ikabaki kelele moja: jirani. Mzee wa mlango wa pili ni Mkamba, fundi wa kuchonga vinyago, na ukuta kati yetu ni mwembamba. Patasi yake hugonga kutwa nzima, tok, tok, tok. Nikaenda kumwomba.

"Mzee, shikamoo. Naomba usimame kidogo, namrekodi mathe."

"Mama yako anaongea kwa televisheni?" Akaweka patasi chini papo hapo. "Hiyo siwezi kukosa."

Akaja na kigoda chake akaketi mlangoni. Mama akamwambia kwamba kama angejua kuna mgeni asingetoa hereni zake.

Nikaanza kuuliza. Mama hakuongea kama mama. Aliongea kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. "Mimi nilizaliwa katika familia ya watu wanane. Baba yangu alikuwa mkulima. Nashukuru." Kila jibu lilikuwa fupi, limepigwa pasi. Nilipomwomba aimbe kidogo, alisema wimbo hauimbwi na mtu aliyeketi kwenye sofa. Picha ilikuwa safi, mwanga ulikuwa mzuri kupita nilivyotarajia, na sauti ya mama yangu haikuwamo. Niliumia, kusema kweli. Nilitaka kulia na nilitaka kurusha kitu.

Hatimaye nikakata tamaa. Lilibaki jambo la mwisho ambalo mwalimu hakuwa akisamehe mtu kulisahau, yaani kurekodi kimya cha chumba. Kila chumba kina kimya chake, na ukikikosa huwezi kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Nikasema, "Sasa tunyamaze sote kidogo. Mtu asisogee." Nikainamisha kichwa kuangalia mshale wa rekoda.

Sikufikiria ninavyoonekana. Katika nyumba kama yetu, mtu akisema tunyamaze sote kisha akainamisha kichwa, kinachofuata kinajulikana. Mzee akavua kofia. Mama akafumba macho.

"Baba wa mbinguni," akaanza.

Niliinua mkono kumzuia, kisha nikausahau hewani, kwa sababu ile sauti ilikuwa imeingia kwenye hedifoni. Sauti yenyewe, ile nzito ya chini inayopanda polepole. Alishukuru kwa siku, alimshukuru Mungu kwa jirani na mikono yake. Kisha akasema:

"Huyu mtoto, Baba, anadhani sijui kwa nini amekuja na hii mashine. Mimi najua. Na wewe unajua mimi naogopa. Nimewaambia watu siogopi, lakini usiku mimi huimba polepole nione kama bado iko. Kama unaitaka hii sauti, ni yako, ulinipatia bure. Lakini niachie hata kidogo, ya kuita watoto wangu."

Hapo akapumua, nami nikasikia pumzi hiyo kana kwamba iko ndani ya kichwa changu.

"Amina," akasema.

"Amina," Mzee akajibu mlangoni, kwa nguvu, mshale ukaruka hadi mwisho.

Mama akajipangusa uso na upindo wa kilemba, akaenda jikoni kutafuta maziwa ya chai, akafungua friji.

"Ni nani amelaza funguo kwa maziwa?"

Tulicheka mpaka Mzee akashika mbavu.

Jumamosi iliyofuata nilimpa mwalimu hedifoni. Alisikiliza yote bila kunitazama. Nilijitetea kwamba kimya cha chumba sikukipata. "Rudi ukakichukue," alisema. "Na hii usiiguse hata kidogo." Nilirudi, nikakichukua, safari hii nikiwa nimemweleza mama vizuri kwamba hatuombi.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki nyingi daktari alimkataza kusema, na mama akiwa bubu ni mama wa kutisha. Alitugombeza kwa kijiko. Aliporuhusiwa, sauti iliyotoka ilikuwa nyingine: nyembamba, ya kukwaruza, ikikatika katikati ya neno. Aliisikia mwenyewe, akafunga mdomo, na siku nzima hakujaribu tena.

Kesho yake, mchana, alinigusa bega na kuonyesha masikio yake. Nikajua anataka nini. Niliogopa kumpa, lakini nikamvisha hedifoni, nikabonyeza, nikaketi mbele yake. Mimi sikusikia kitu. Ng'ambo ya ukuta patasi ilikuwa kazini, tok, tok. Nilijua amefika wapi kwa kuangalia midomo yake. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akafuata sala yake mwenyewe neno kwa neno hadi mwisho.

Mtu aliyevaa hedifoni hajui anasema kwa nguvu kiasi gani.

"Amina!" mama akasema, kwa ile sauti mpya, kubwa, yenye mikwaruzo, ikajaa nyumba nzima.

Patasi ikanyamaza.

"Amina, mama," Mzee akaitikia ng'ambo ya ukuta, kisha akaendelea kugonga.