Hata wa Kubishana Naye Sina

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu. Nina umri wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, mgane, mkulima wa kahawa huku Mbozi. Watoto wangu wote wanafanya biashara Tunduma.

Nina jirani niliyebishana naye tangu ujana. Mimi naamini ujamaa. Yeye aliamini soko huria, kila mtu na lake. Jioni tulikaa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, tukichambua punje mbovu, mimi nikimwita bepari, naye akiniita Ndugu Mjamaa. Mke wangu alipofariki, ubishi huo ndio ulionitoa kitandani.

Mwaka juzi aliona chama chetu cha ushirika kinapata bei nzuri kuliko wanunuzi binafsi. Akajiunga, mtu aliyekibeza maisha yake yote. Sasa ndiye mwenyekiti. Zamani tulichumiana kahawa kwa zamu, shamba hadi shamba, bila malipo. Desturi hiyo ameiacha ife. Wanachama wanaajiri vibarua kutoka Kamsamba, wanaolipwa kwa debe. Nilipomuuliza anaamini nini hasa, alicheka.

"Kahawa haina kulia wala kushoto, Mwalimu. Ikiiva, inachumwa."

Mimi sijaajiri mtu. Nimefundisha vizazi kwamba kununua jasho la mwenye shida ni unyonyaji. Siwezi leo kusimama shambani nikilipima kwa debe. Nachuma peke yangu. Mgongo umekataa, kahawa nyekundu inaanguka, na ndiyo itakayonilisha mpaka msimu ujao.

Leo jirani alikuja, akatazama chini ya miti, akasema kesho ataniletea vibarua na kuwalipa yeye.

"Wewe uite ushirika. Mimi nitaita gharama."

Nilimjibu kwamba huo ni ubepari uliovaa kanzu ya huruma, nikangoja anirudishie kama zamani. Nilikuwa nimeshaandaa hata hoja ya pili. Akanishika bega.

"Sawa, mzee wangu. Pumzika."

Akaondoka. Hajawahi kuniita hivyo. Ndivyo tunavyosema na wagonjwa.

Vibarua watafika asubuhi. Nikiwaruhusu, nitakuwa nimeyakana niliyoyafundisha. Nikiwarudisha, nitabaki na msimamo wangu na kahawa iliyooza, wala hakuna atakayenipinga. Wasomaji, niambieni la kufanya. Na kama yupo anayeona nimekosea, asinionee huruma. Anijibu kwa hoja.