Siku Robi Alipoulizwa Mwenyewe

Robi wa Matongo alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaokatisha maisha ya wengi mapema, na kwao walimtazama kama mgeni asiyekaa sana. Shuleni, siku wahudumu wa afya walipokuja kuzungumza na wasichana juu ya hedhi na magonjwa ya zinaa, mwalimu alimtoa akapumzike ofisini. Alimwambia kwa huruma kwamba hayo si yake. Robi akakaa peke yake, akiwasikia wenzake wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Kliniki ya Tarime alikwenda kila mwezi na mama yake, Teresia. Robi akiulizwa, mama ndiye aliyejibu. Hata alipotimiza miaka kumi na saba, daktari aliongea akimtazama mama.

Mwezi wa sita walimkuta nesi mgeni, Verdiana. Alipomaliza kumpima uzito, alimwomba mama asubiri nje. Teresia akasema mwanawe hana la kuficha. Nesi akajibu taratibu kwamba vijana wote wa umri ule huwaona peke yao.

Mlango ulipofungwa nesi akamuuliza kama ana mpenzi, kama kuna mtu anayemlazimisha, na hedhi yake inakwendaje. Mawili ya kwanza Robi alijibu hapana. La tatu lilimkwama. Mwishowe akasema kwamba kila akiingia siku zake mifupa humvunjika kwa maumivu, naye hujifunika blanketi na kung'ata kanga asisikike. Mwaka wa pili sasa.

"Mbona hukusema, mdogo wangu?"

"Ningemwambia nani?"

Verdiana aliandika kwenye faili, akaenda kumwita daktari, na Robi akapangiwa dawa. Kabla hajatoka, nesi akanyanyua kopo la vidonge vyake vya kila siku.

"Hivi haviendi na mimba. Siku ukitaka kuzaa, uje kwanza tuongee."

Siku ukitaka kuzaa. Robi aliitikia kwa kichwa.

Kwenye bodaboda mama aliuliza walikuwa wanaongea nini. Robi akasema ni mambo ya dawa.

Jioni aliwakuta Gloria na Lilian, majirani zake, wakisukana nyuma ya nyumba. Walikuwa wakiongea juu ya kijana fulani wa machimboni. Walipomwona wakanyamaza, wakamsogezea kigoda, wakamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, leo haumwi. Akakaa nao mpaka wakamaliza kusukana, na kijana yule hakutajwa tena.