Hodi ya Mwaitu

Mwaitu ameshika njia tena. Kuku hata hawajafunguliwa, naye ameshafunga kitambaa cha akina mama wa kanisa, jerikeni ya maji iko mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anaelekea langoni.

"Unaenda wapi, mwaitu?" namuuliza. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Kuona wagonjwa."

"Wagonjwa gani? Hao wako walishakufa!"

Ananitazama kwa upole, vile mtu humtazama mtoto wa wenyewe. "Kwani wewe umekuja lini?"

Mimi ni Ndunge, kifungua mimba wake. Niliacha kibanda changu cha mboga kule Salama nikarudi hapa Mutomo kumwangalia, maana kumbukumbu zinamtoroka. Tangu mvua ziishe hajaniita jina. Mara mimi ni msichana, mara mgeni, mara Kanini, dada yake aliyezikwa zamani. Watu wananiambia nizoee. Nizoee nini? Nataka kusikia jina langu kinywani mwake mara moja tu, basi.

Na hizi safari hakuzianza juzi. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akatulea kwa ndengu na mbaazi kwenye udongo huu mkavu, na kila alipopata nafasi alibeba jerikeni. Kwa mgonjwa alipiga hodi, akafagia, akachemsha maji, akamwosha miguu huku akiimba polepole, kisha akaomba. Maji alikwenda na yake. Huku kwetu maji ni taabu, naye aliona aibu kumwosha mgonjwa kwa maji ambayo watoto wa nyumba ile wangekunywa. Mbele ya kanisa hakuwahi kusimama kuhubiri. Ukimuuliza habari za Mungu, yeye anakuuliza jirani yako ameamkaje.

Basi namfuata, nifanyeje? Vumbi limetulia, vilima viko mbali kama vimechorwa kwa makaa, naye anaimba mbele, mimi nanung'unika nyuma. Kuna asubuhi sijui kama niko macho au naota. Nyumba nyingine zimebaki kuta tupu. Anapiga hodi, anasubiri, anatabasamu kana kwamba ameitikiwa, kisha tunaendelea.

Lakini kwa Musyoka, muuza mbuzi, kuna sinema. Mwanamume mzima, ana nguvu kama fahali, akisikia tu ile hodi anaruka kitandani, anavua viatu, anaanza kugumia, "Woi, mama, naumwa!" Siku moja nikamwambia, "Wewe Musyoka, huna haya?"

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Huyu alimwosha mamangu mpaka siku ya mwisho. Akitaka miguu yangu, ni yake."

Abshiro wa dukani naye, Mwislamu kabisa, huvuta kiti, hunyoosha miguu, na ombi likiisha husema amina. Alipojifungua, jamaa zake wote wakiwa mbali Garissa, ni mwaitu aliyekesha naye. Nawapenda hawa watu, ingawa sijawaambia.

Wiki jana malaria ikaniangusha. Nililala mifupa yote ikiuma. Mwaitu alichungulia mlangoni, akanitazama sana, akaondoka. Nikasikia lango likilia. Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Ai, niliogopa! Jua la huku halina huruma, yeye yuko huko nje peke yake, na mimi nimelala kama gunia.

Muda ukapita. Halafu, mlangoni kwangu:

"Hodi?"

Kumbe alizunguka boma tu, akajaza jerikeni kwenye tangi letu wenyewe, akarudi kama mgeni.

"Karibu," nilisema.

Alifagia. Akachemsha maji. Akaushika mguu wangu kwa mikono yake migumu ya jembe, akaanza kuimba, na homa ikanichukua. Paa lilikuwa linaelea, nami nilikuwa mtoto tena, nimebebwa mgongoni, nasikia wimbo ukipitia mbavuni mwake.

"Huna mtu wa kukuangalia, mama?" aliuliza.

"Nina mamangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko karibu."

"Basi atakuja." Akanikausha vidole kimoja kimoja kwa leso yake.

Kisha akaniombea, vizuri, kama anavyowaombea wote, bila jina. Nilidhani amemaliza.

"Na Ndunge wangu, Bwana," akasema. "Umpe nguvu. Ana mdomo mkali, lakini ananifuata kila mahali. Anadhani simwoni. Amina."

Aliinuka, akaweka kamba kwenye paji la uso, akashika mlango.

"Wacha niende. Ndunge akinikosa nyumbani ataanza kelele."

"Leo hatapiga kelele," nilimwambia, machozi yakiniingia masikioni.