Jibu Moja Lililozamisha Miche ya Carama

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama shambani, mtaa wa Carama, viatu vimejaa matope, nikitazama miche ya nyanya ya Mama Esperansi, mkulima aliyekubali kutumia pampu zangu, ikielea juu ya maji. Ulikuwa msimu mzima wa mama yule, na aliyeuharibu ni mimi.

Nilikuwa nimetunga lugha ndogo ya kompyuta ya kuendesha pampu za kumwagilia. Nilijivuna nayo sana, maana kijana akitoka chuoni hudhani dunia ilikuwa ikimsubiri yeye. Katika lugha ile kila fonksheni, yaani kipande cha programu unachokituma kazi, ilirudisha jibu moja tu. Moja! Nilisema ndio uzuri wenyewe. Fonksheni ya kupima maji ya udongo ilirudisha kipimo. Ikishindwa kupima, ilirudisha sifuri. Basi panya akakata waya, sifuri ikarudi, pampu ikaamini udongo umekauka, ikamwaga maji mpaka vitalu vikazama.

Nikamlaumu panya. Mzee Ramadhani, fundi wa Cibitoke aliyezifunga pampu zile, alinitazama huku akijifuta mikono.

“We injeniya, nikikutuma Kinama kwa shemeji yangu, mvua ikukamate mu njia, urudi, utaniambia nini?”

“Nitakuambia sikufika, mzee.”

“Hautaniambia hakuna mutu kule?”

“Apana.”

“Sasa mbona mashini yako inasema vile? Mutu mwenye kutumwa anarudi na maneno mbili: kama alifika, na kile alikuta. Mi nauliza ya kwanza mbele.”

Niliona aibu mpaka masikioni. Kiburi si maungwana. Nikaenda kwa Mama Esperansi kumwambia kosa ni langu, si la panya, kisha nikapanda naye miche mipya. Kutwa nzima alinionyesha umbali wa shimo na shimo.

Niliporudi nikaivunja lugha yangu. Fonksheni ikaruhusiwa kurudisha mawili pamoja: kipimo, na kama kimepatikana kweli. Ukichukua kipimo bila kutazama hilo la pili, lugha inaikataa programu yako papo hapo. Wenzangu walioitumia walinung'unika kwamba nimewaongezea kazi ya kuandika. Wacha wanung'unike! Kabla ya mavuno waya ulikatika tena. Pampu ikatulia, taa nyekundu ikawaka, na nyanya zile tulizila.

Basi wewe unayetunga lugha yako leo, nisikilize. Usimbane mjumbe aseme neno moja wakati anayo mawili. Mpe nafasi ya kusema “sikuweza”, na umlazimishe aliyemtuma asikie. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nawe usimzibe mdomo. Na ukiulizwa usilolijua, mwanangu, sema hujui, hata mbele ya wakubwa, hata kama sauti itatetemeka. Mungu aibariki mikono yako, na akujalie mkubwa wa kukukemea ungali kijana wa kusikia.