Tope la Walio Juu

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa harufu. Makumbi ya nazi yaliyolala topeni miezi na miezi yakifukuliwa, mwenye pua hujuta kuwa nayo. Basi kila nikisikia mtu anasimulia habari za kazini, fulani mvivu, fulani mjeuri, harufu ile hunirudia, na hii pua yenyewe imeshazeeka pamoja na mie.

Juzi ulinijia umenuna. Umepewa watu wa kuwasimamia, ukasema yumo mmoja amekushinda: anachelewa, hacheki na mtu, kazi yake chafu, na ukimwuliza anakukata jicho. "Ndivyo alivyo," ukanambia. Nikakuacha umalize chai yako uende, kwa sababu jawabu langu ni refu na weye ulikuwa na haraka. Leo huna haraka. Kaa.

Mie niliolewa Kiuyu nikitokea Wingwi, huku huku kisiwani, miaka ile ya siasa, kabla ya uhuru. Miaka mibaya ile kwa majirani. Mtu akikohoa huulizwa kakohoa kwa upande gani. Kwetu Wingwi nilijua jembe na mbuzi. Kiuyu nikakuta wanawake wanakula kwa usumba. Makumbi hufukiwa tope la pwani mpaka yalainike, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, huoshwa, na nyuzi zinazobaki, ndio usumba wenyewe, husokotwa kamba. Mama mkwe wangu, Bi Hadia, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi letu. Magoti yalishamkataza kushuka pwani, akawa anakaa barazani kwake anapokea usumba wa kila mmoja, anauchanganya, na kamba inasokotwa ya pamoja. Kwa hiyo uchafu wa mmoja ulikuwa uchafu wa sote.

Pwani pale palikuwa na kijito cha maji ya chemchemi, kinakatiza tope kwenda baharini. Bahari ikitoka tulijipanga kando ya kijito hicho, tukiponda na kuosha, na tulikaa kwa ukubwa. Juu kabisa, penye chemchemi, alikaa Bi Raya, mwanamke wa sauti, ndiye aliyekuwa akituimbisha, na mcheshi hasa ukiwa umo upande wake. Wakafuata wengine kwa kadiri ya miaka yao ya kazi. Mie mwali mpya nilikuwa wa mwisho ila mmoja. Wa mwisho kabisa, huko chini karibu na bahari, alikuwa Bi Mwanaidi.

Huyu alikuwa mtu wa Chokocho, kusini. Mume alimleta Kiuyu, kisha mume akavuka bara kutafuta kazi, ikapita miaka bila hata salamu. Akabaki na watoto wake wawili na rungu lake. Watu wa mume walishamwambia wazi: siku atakayoshindwa kuwalisha, arudi kwao peke yake, watoto watabaki. Ndiyo maana nakwambia, wengine tulikuwa tukiponda makumbi tupate kanga ya sikukuu, yeye alikuwa akiponda asinyang'anywe watoto.

Na usumba wake ulikuwa mchafu. Sikufichi, ulikuwa mweusi na umejaa tope. Mnunuzi akaturudishia mzigo mzima wa kamba, na hapo maneno yakaota miguu. Bi Mwanaidi mvivu. Bi Mwanaidi wenziwe wanaosha, yeye kakaa anatazama maji. Bi Mwanaidi ana kibri, haitikii nyimbo. Siku moja alilitupa rungu lake topeni bila kusema neno, ikawa basi, ana wazimu. Akatokea na mwingine kusema kaka yake ni wa upande ule, katumwa kutuharibia. Bi Raya akatamka mbele ya wote kwamba bamvua likirudi, bahari ikitoka mbali tena, huyu asishuke, na mahali pake apewe mwengine.

Mie nilimpenda Bi Mwanaidi. Ndiye aliyenifundisha kushika rungu nisijiponde vidole. Nikamwendea mkwe wangu barazani.

"Mama, Bi Mwanaidi si mvivu," nikamwambia. "Ni mtu mwema."

Bi Hadia hakuinua macho kwenye kamba yake. "Raya kanambia ni mtu mbaya, weye wanambia ni mtu mwema. Nyote mmeniletea majina. Jina nitalifanyia nini mie? Nambie anafanya nini. Na kabla hajafanya, kumetokea nini?"

Miezi yote nimekaa ubavuni mwa yule mwanamke, na jicho langu lilikuwa kwenye rungu langu tu.

"Basi nenda katazame," akasema. "Na ukirudi tena na jina, nitakuchapa kwa kamba hii."

Hakunichapa, maana mie nikitazama hutazama. Marehemu mume wangu alilijua hilo, na hakulipenda sana. Nikashuka pwani, bamvua lile halijaisha, mkono ukiponda, jicho liko kwa Bi Mwanaidi. Alikuja pamoja nasi, hakuchelewa. Aliponda kama sisi, tena kwa nguvu. Akainama kuosha. Mara Bi Raya akatoa wimbo kule juu, na wimbo ule ulikuwa na mahali pake: ukifika kiitikio, kila mtu hutumbukiza usumba wake majini kwa pamoja. Tukatumbukiza. Tope letu sote likateremka na kijito, likampita huyu, likampita yule, likanipita mie, likamfikia yeye zito kama uji. Bi Mwanaidi akautoa usumba wake majini, akangoja, akatazama juu. Maji yakaanza kutakata, akainama tena. Kiitikio kikafika tena.

Kumbe kutazama maji ndiko kungoja. Na wimbo ambao kwetu ni raha, kwake ni tope linakuja. Ungekuwa weye ungeitikia? Hata rungu, alilitupa siku ambayo bahari ilikuwa inarudi miguuni mwake naye hajapata kuosha hata mara moja kwa maji safi. Ningekuwa mie ningelitupa mapema zaidi, na pengine si topeni.

Kisha nikautazama usumba wangu mwenyewe. Ulikuwa mweusi karibu sawa na wake. Lakini mie hapana aliyeniita mchafu. Mie nilikuwa "mwali, bado anajifunza," tena mkwe wa Bi Hadia, nani athubutu? Tope ni lile lile, mwanangu. Kwangu likaitwa ugeni wa kazi, kwake likaitwa uvivu na siasa. Nilikasirika siku hiyo kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na hasira nyingine nilijikasirikia mwenyewe.

Nikamweleza Bi Hadia kila nilichokiona, bila kumpa mtu jina. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kamba chini, akaomba bakora yake.

Kesho yake akashuka pwani, bakora mkono mmoja, mie mkono wa pili. Wanawake wakainuka kumwamkia. Hakuitisha kikao wala hakumlaumu mtu. Alikalishwa juu ya jiwe, akasema, "Leo Raya akae kwa Mwanaidi, na Mwanaidi akae kwa Raya. Wengine kaeni kama mlivyo. Na muimbe."

Bi Raya alicheka, akachukua rungu lake akateremka na maringo yake yote. Tukaponda. Mwengine akatoa wimbo, kiitikio kikafika, tukatumbukiza. Bi Raya akaosha, akakung'uta, akaosha tena. Wimbo wa pili akaanza kutazama juu. Wa tatu hakuitikia. Mara akasimama, usumba mweusi unamchuruzika mpaka viwikoni, akapiga kelele:

"Nyie huko juu! Hamwoni kama huku kuna mtu?"

Wimbo ukakatika. Bi Hadia hakupandisha hata sauti.

"Raya kakaa anatazama maji," akasema. "Haitikii wimbo, anafoka ovyo, na usumba wake mchafu. Haya, mpeni na huyu jina mlilompa mwenzenu."

Kule juu Bi Mwanaidi alikuwa ameushika usumba wake kwa mikono miwili, umetakata, na uso kaufunika kwa kanga. Alikuwa analia, na sisi tuliokuwa tukimwita mwenye kibri tukakosa pa kuweka macho.

Bi Raya nampa haki yake. Alipanda na tope lake mbele ya wote mpaka kwa Bi Mwanaidi, akamwuliza, "Mwenzangu, mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Bi Raya? Mtu wa kuja akisema maji yenu machafu, mngenifukuza kwa kosa la ulimi badala ya la uvivu."

"Niwie radhi."

"Nishakuwia. Mie naomba maji tu."

Tangu siku ile ukubwa wa kijitoni ukafutwa. Kila bamvua wa chini hupanda juu na wa juu hushuka, hata Bi Raya, na alipokuwa chini alikuwa mkali wa kutuambia tungoje. Kamba zetu hazikurudishwa tena. Watoto wa Bi Mwanaidi walikulia mikononi mwa mama yao.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikwambii watu wote ni wema, mwanangu. Wavivu wapo, mmoja nimemzaa mwenyewe na unamjua. Lakini uvivu uwe jawabu la mwisho, baada ya kuyamaliza mengine yote. Ukiona mtu kazini ananuna, anachelewa, anaharibu, usiulize yukoje. Uliza kakaa wapi, na kinamteremkia nini. Uliza pia nani mwengine ana kosa lile lile na mnamchekea. Kisha kakae pale pake, si kwa dakika ya kupita, mpaka wimbo wa tatu.

Na kuna jambo moja hukunambia juzi, ila nimelijua kwa jinsi ulivyoingia hapa hujasalimia. Pale kazini kwenu, anayekaa penye chemchemi sasa ni weye. Kabla hujamtazama yule wa chini, yatazame kwanza maji unayoyaachia kila asubuhi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutie subira ya kutazama kabla ya kutaja jina. Popote atakapokukalisha juu, ajaalie wa mwisho wako apate maji ya kuoshea, na siku atakayokushusha chini, akupe mwenzio atakayekuona. Amin.