Darubini ya Mzee wa Rooty Hill

Mzee niliyemhudumia nyumbani kwake katika kitongoji cha Rooty Hill, ughaibuni, alikuwa anakaribia miaka mia. Ujanani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa askari wa miavuli wa Ujerumani. Asubuhi moja, nilipokuwa namvalisha shati, aliniomba nimtolee darubini yake kabatini. Nikampa, nikaendelea na vifungo.

"Tuliruka kutoka ndegeni na bastola tu," alisema. "Bunduki zilishuka ndani ya makasha, kwa miavuli yake. Kasha letu lilipotelea mashambani, nikajificha nikitazama kwa darubini hii. Nilimwona askari wa adui anakula chungwa. Niliona hata mbegu alizokuwa anatema."

"Halafu, mzee?"

"Wenzangu wakalipata kasha. Nikawaonyesha alipokaa, wakampiga risasi."

Nikaviacha vifungo. Mimi nilitoka Burundi mgongoni mwa mama, na baba yangu aliuawa na askari tusiyemjua mpaka leo. Nilitaka kutoka nje. Lakini mzee alikuwa analia bila sauti, kamasi zikimtiririka kama mtoto.

"Yule naye alikuwa na mama," nikamwambia.

"Najua, binti yangu. Namfikiria kila siku."

Nikamfuta uso, nikamalizia vifungo, kisha nikakaa naye mpaka alipotulia.