Ng'ombe wa Usangu Zizini Kwetu

Miaka ile ya hamsini Waingereza waliamua kukomesha wizi wa ng'ombe huku kwetu Iringa. Eti kila ng'ombe apigwe chapa ya moto ya eneo lake, na akihama, ahame na kibali. Askari wakawa wanapita zizi kwa zizi. Wakikuta kwako chapa ya kwingine na kibali huna, wewe ni mwizi, utajieleza mbele ya hakimu. Aliyeutunga mpango huo hakuwahi kutuuliza tunafugaje.

Sisi mtu haweki ng'ombe wake wote pamoja. Mmoja anamlaza kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia usiwafagie wote, na ndugu wenye tamaa wasijue ana nini. Anayefuga anakunywa maziwa, na baadaye hupewa ndama. Mambo hayo yalikwenda kwa neno tu, na neno lilitosha.

Baba alikuwa na rafiki wa tangu ujanani, sisi watoto tukimwita baba mdogo. Huyo alikwenda kuchimba dhahabu Chunya, na wakati wa kurudi akapitia Usangu, akanunua mtamba kwa mshahara wake. Hakumpeleka kwake. Kaka zake walikuwa wanatafuta mahari ya mdogo wao, wangemchukua siku hiyo hiyo. Akamleta kwetu, akamwomba baba asimwambie mtu. Mama alinuna, akasema chapa ya Usangu itaonekana tu. Baba akamjibu kwamba mwenye ng'ombe yupo, na likitokea neno atasema mwenyewe.

Haya, askari wakaja. Wakatazama paja la yule mtamba, wakadai kibali, baba hakuwa nacho. Wakamtia pingu mbele yetu, wakamswaga yeye na ng'ombe njia moja hadi bomani.

Siku ya kesi tulikwenda mama na mimi. Baba mdogo alikuwapo, amekaa benchi la nyuma na kaka zake ubavuni. Hakimu alimwuliza baba ng'ombe ni wa nani. Baba akasema ana mwenyewe, na mwenyewe yumo humu ndani, atasimama. Hakimu akangoja. Nilimkodolea macho baba mdogo. Alikuwa ameinama, anabandua matope kwenye kiatu chake, kama vile neno halimhusu. Mama alitaka kuinuka amtaje. Baba akamkazia macho, mama akaketi. Mpaka leo nina hasira na wote wawili, yule kwa woga wake, na baba kwa uungwana ule usiotufaa kitu. Baba akafungwa. Ng'ombe akauzwa mnadani, kwa hiyo hata huyo bwana hakuambulia mkia.

Baba alirudi amekonda, na kikohozi cha gerezani kifuani. Wala hawakumwachia kweli. Jina lake lilishakaa polisi, na ng'ombe yeyote akipotea bondeni, askari walianzia kwetu. Walipekua mpaka kihenge cha mahindi, sijui walidhani ng'ombe anaingiaje mle. Kisimani wasichana wenzangu wakaanza kuniita binti wa mwizi. Nilichukia maji, nilichukia kisima, niliwachukia na wao.

Ndipo baba mdogo akaja, na jogoo mkononi na kibuyu cha pombe ya ulanzi. Alikaa kigodani akalia. Akaeleza alivyomnunua yule mtamba, alivyowaogopa kaka zake, alivyokosa usingizi. Akaomba msamaha. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenzangu," akamwambia, "humu ndani hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Nenda ukaseme kule bomani."

Akaapa kwamba atakwenda kesho yake asubuhi. Mama akamchinja jogoo, tukala naye, na usiku ule baba alilala vizuri.

Hakwenda. Baba akaendelea kupekuliwa mpaka kile kikohozi kilipomwua. Kwenye mazishi baba mdogo alishika jembe kuliko wote, jasho linamtiririka, watu wakimsifu kwa urafiki wake. Mgeni mmoja aliyesimama karibu yangu akamwuliza baba mdogo kwa sauti ya chini kama marehemu ndiye yule aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe.

"Ndiye," akasema, akaendelea kufukia.